Dalili za Kiharusi: Jinsi ya Kuzitambua na la Kufanya Dakika za Mwanzo

Kiharusi mara nyingi hakiumi, na hapo ndipo wengi wanapoponzeka. Aliyevunjika mguu hupiga yowe, nyumba nzima ikatoka mbio. Aliyelegea mkono ghafla husema tu, "Niacheni nipumzike, nadhani niliulalia vibaya," kisha akajinyoosha kitandani. Watu wa nyumbani nao wanamfunika shuka na kutembea kwa kunyata wasimsumbue. Akija kuamka, saa ambazo dawa ingeweza kufanya kazi zimeshapita.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya yule aliye karibu na mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe huenda asiweze kusema, na kuna aina ya kiharusi inayomfanya asijue kabisa kwamba anaumwa. Atabisha, ataudhika, atasema mnamkuzia mambo. Kwa hiyo jicho linalohitajika ni la mtu wa pili.

Kinachotokea kichwani

Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta. Hauweki akiba. Damu ikikatika mahali pamoja, chembe hai za hapo huanza kufa ndani ya dakika chache. Kuna hesabu ambayo madaktari wa mishipa ya fahamu hupenda kuitaja: mshipa mkubwa ukiziba, kila dakika inayopita bila matibabu hupoteza chembe za neva zipatazo milioni 1.9.

Damu hukatika kwa njia mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo hutokea zaidi, ni mshipa kuzibwa na bonge la damu. Ya pili ni mshipa kupasuka na damu kuvujia ndani ya ubongo au pembeni yake. Kwa kumtazama mgonjwa huwezi kujua ni ipi kati ya hizo, na hata daktari mzoefu hawezi kuwa na hakika mpaka apige picha ya kichwa kwa mashine ya CT au MRI. Shika jambo hili, kwa sababu dawa inayomwokoa mwenye mshipa ulioziba inaweza kumuua mwenye mshipa uliopasuka. Tutalirudia tukifika kwenye suala la aspirini.

Upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na wa kulia huongoza wa kushoto. Kwa watu wengi lugha nayo imekaa kushoto. Ndiyo maana mtu aliyepooza mkono na mguu wa kulia mara nyingi hupoteza na maneno. Aliyepooza kushoto anaweza kuongea vizuri tu, na hapo ndipo familia inapodanganyika: "Mbona anaongea? Hawezi kuwa na kiharusi."

Neno la kusikiliza: ghafla

Kabla ya kupima chochote, jiulize dalili imeanzaje. Mguu unaouma kidogo kidogo kwa miezi, au ganzi ya vidole inayokuja na kuondoka kwa mwaka mzima, ina sababu zake nyingine na inahitaji daktari kwa utaratibu wake. Kiharusi huingia kwa kishindo kisicho na sauti. Mtu alikuwa anakunywa maji, kikombe kikamtoka mkononi. Alikuwa katikati ya sentensi, maneno yakageuka. Ukisikia "alikuwa mzima sasa hivi tu," anza kupima papo hapo.

Kipimo chenyewe hakihitaji kifaa. Kiliandaliwa Uingereza mwaka 1998 kwa ajili ya kuwafundisha wahudumu wa magari ya wagonjwa, na sasa kinafundishwa duniani kote kwa watu wa kawaida. Kwa Kiswahili kinakaa vizuri katika maneno manne: uso, mkono, maneno, muda. Ukiwa umekizoea, vipimo vitatu vya kwanza vinamalizika chini ya dakika moja.

Hatua ya 1: Uso

Mketi uso kwa uso, kwenye mwanga. Usimwambie atabasamu, maana mtu aliyeshtuka hatabasamu. Mwambie, "Baba, nionyeshe meno yako yote." Tazama pembe mbili za mdomo: je, zinapanda pamoja, au moja imebaki chini? Tazama na ule mkunjo unaoshuka kutoka puani hadi mdomoni. Upande uliolegea mkunjo huo hufifia au kutoweka. Wakati mwingine mate hutoka upande mmoja bila mwenyewe kujua.

Kama hujawahi kumwona mtu huyo, au kama uso wake kwa kawaida hauko sawa pande zote mbili, muulize anayemfahamu au tazama picha yake kwenye simu.

Wapo watakaokuambia kwamba kuna ugonjwa mwingine wa kupooza uso usiotoka kwenye ubongo. Ni kweli. Huo hutokana na neva ya uso yenyewe, na kwa kawaida hushika hadi paji la uso, kiasi kwamba mgonjwa hawezi kuinua nyusi wala kufumba jicho upande ule. Katika kiharusi, paji la uso kwa kawaida huendelea kukunjamana. Lakini tofauti hii ni ya daktari kuiamua. Wewe ukiona mdomo umeenda upande ghafla, chukulia ni kiharusi.

Hatua ya 2: Mkono

Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu, kisha afumbe macho. Hesabu hadi kumi taratibu. Macho yafumbwe kweli, kwa sababu akiutazama mkono ataulazimisha ubaki juu.

Mkono mmoja ukishindwa kabisa kuinuka, jibu unalo. Lakini kiharusi kidogo hujionyesha kwa namna ya kificho zaidi: mkono unaanza kushuka polepole, au kiganja kinajigeuza kikatazama chini wakati mwenyewe anadhani bado kiko juu. Hilo nalo linahesabika. Mikono yote ikishuka sawasawa, huenda ni uchovu au udhaifu wa mwili mzima, ingawa hilo peke yake halitoshi kukutuliza kama dalili nyingine zipo.

Mguu unaweza kupimwa vivyo hivyo mtu akiwa amelala: ainue mmoja, halafu mwingine. Usimsimamishe ili atembee "tuone." Wengi huanguka hapo, na kichwa kikagonga sakafu.

Hatua ya 3: Maneno

Mpe sentensi fupi airudie, kwa lugha anayoizoea nyumbani: "Mvua ilinyesha jana usiku na leo kumetulia." Sikiliza makosa ya aina tatu, kwa sababu hayafanani.

Kosa la kwanza ni ulimi mzito. Maneno ni yenyewe, lakini yanatoka kama ya mlevi. Watu wengi wenye kiharusi wamepitwa njiani kwa kudhaniwa wamelewa, na kwa mlevi halisi hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa hakuna anayemjali. Kosa la pili ni maneno yasiyo yake: anataka kusema "maji" anasema "kiti," au anatunga sauti zisizo neno lolote, tena kwa kujiamini. Kosa la tatu ni kutokuelewa. Unamwambia "shika pua yako," anakutazama tu. Anaweza kuwa anatikisa kichwa kukubali kila unachosema, na familia ikaridhika kwamba yu sawa. Kwa hiyo mpe agizo linalotaka kitendo, bila wewe kumwonyesha kwa ishara.

Dalili moja kati ya hizi tatu inatosha. Usingoje zitimie zote.

Hatua ya 4: Muda

Tazama saa. Andika mahali, hata kiganjani. Swali ambalo hospitali itauliza kabla ya mengi mengine ni hili: mara ya mwisho mgonjwa kuonekana akiwa mzima ilikuwa lini?

Tofautisha hilo na saa mlipomkuta anaumwa. Kama mlimwacha saa nne usiku akiwa mzima, mkamkuta asubuhi saa kumi na mbili amepooza, saa ya kutaja ni saa nne usiku. Kama aliamka saa tisa kwenda msalani na mtu akamsikia akiongea vizuri, basi ni saa tisa, na saa tano hizo za tofauti zinaweza kubadili kabisa uamuzi wa daktari. Ulizeni wote nyumbani, na tazameni simu yake: ujumbe aliouandika vizuri saa kumi alfajiri ni ushahidi.

Sababu ni hii. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4.5 tangu dalili kuanza, na ikiwahi zaidi hufanya kazi vizuri zaidi. Kuna pia matibabu ya kulitoa bonge kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, kwa kawaida kuanzia kwenye kinena. Hayo hufanywa zaidi ndani ya saa 6, na kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa picha za ubongo huweza kufika saa 24. Kwa hiyo hata aliyeamka na kiharusi asihesabiwe kuwa amechelewa. Mpelekeni, hospitali yenye vifaa inaweza kutazama picha na kujua kama ubongo bado una cha kuokolewa.

Kiharusi kinachopita chini ya vipimo hivi

Uso, mkono na maneno vinanasa viharusi vingi, si vyote. Vinavyopita ni vile vya nyuma ya kichwa, kwenye ubongo mdogo na shina la ubongo, na hivi ndivyo vinavyorudishwa nyumbani mara nyingi zaidi kwa kudhaniwa ni kizunguzungu cha kawaida.

Ongeza basi macho na mizani ya mwili. Mtu anaweza kupoteza ghafla uwezo wa kuona kwa jicho moja, au upande mmoja wa kila kitu anachokitazama ukatoweka. Mwingine huanza kuona vitu viwili viwili. Kuhusu mizani, kizunguzungu peke yake kina sababu chungu nzima, nyingi zisizo za hatari. Kinachonitia wasiwasi ni kizunguzungu kilichoanza ghafla pamoja na mojawapo ya haya: hawezi kukaa wima bila kuegemea, miguu inakwenda upande, anatapika mfululizo, anaona viwili viwili, akimeza mate anapaliwa, au ulimi umekuwa mzito. Mwambie aguse pua yake kwa ncha ya kidole, kisha aguse kidole chako, mara kadhaa kwa haraka. Mkono mmoja ukikosa shabaha kila mara, usimwache alale apumzike; ni dharura.

Halafu kuna kichwa. Mshipa ukipasuka kandokando ya ubongo, maumivu hufikia kilele chake ndani ya sekunde au dakika chache, na mgonjwa husema hajawahi kuumwa kichwa namna hiyo maishani. Yanaweza kufuatana na kutapika, shingo kukakamaa, degedege au kuzimia. Hata kama uso na mikono ni sawa kabisa, hii ni dharura.

Na wale wasiojua kwamba wanaumwa? Kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo huweza kufuta upande wa kushoto wa dunia ya mtu. Anakula chakula cha nusu ya sahani, anagonga mlango kwa bega la kushoto, na ukimwonyesha mkono wake uliolegea anaweza kukana kwamba una shida. Msibishane naye.

Dalili zikiisha zenyewe

Mdomo uliopinda umenyooka baada ya dakika kumi. Mkono umerudi. Watu wanapumua, wanacheka, simu ya gari la wagonjwa inakatwa. Hapa ndipo ningependa kusimama muda mrefu zaidi.

Hicho ni kiharusi cha mpito: bonge lilikwama, kisha likasogea au likayeyuka lenyewe kabla ya ubongo kudhurika. Mara nyingi huchukua dakika chache, na kwa kawaida chini ya saa moja. Chanzo chake, iwe ni mshipa wa shingo uliojaa mafuta au moyo unaodunda bila mpangilio na kutengeneza mabonge, bado kiko palepale. Hatari ya kiharusi kamili ni kubwa zaidi katika siku mbili zinazofuata. Mgonjwa anayefika hospitali siku hiyohiyo anaweza kupimwa moyo, mishipa ya shingo, presha na sukari, akaanzishiwa dawa na kukingwa. Anayesubiri miadi ya wiki ijayo anacheza na siku zilezile zilizo mbaya.

Kwa hiyo kanuni ni ileile: dharura, leo, hata kama sasa anacheka.

Hatua ya 5: La kufanya huku mnasubiri au mnaondoka

Piga namba ya dharura ya mahali ulipo na useme neno lenyewe: "Nadhani ni kiharusi, kimeanza saa fulani." Neno hilo hubadilisha namna simu inavyoshughulikiwa. Kama gari la wagonjwa halipo au litachelewa, tafuteni usafiri wowote salama, ila mgonjwa asijiendeshe. Ulizeni kwa simu hospitali ipi iliyo karibu ina kipimo cha CT kinachofanya kazi saa hiyo. Kwenda kwanza kwenye kituo kisicho na kipimo hicho, kwa sababu tu kipo karibu, mara nyingi ni kupoteza saa nzima ya rufaa. Lakini kama hapumui vizuri au amezimia, kituo cha karibu ndicho sahihi.

Akiwa macho, mlaze au mketishe mahali asipoweza kuanguka, legeza nguo shingoni, uegemeze mkono uliolegea kwa mto. Msimvute kwa mkono huo mnapomwinua. Bega lisilo na misuli inayolishika huteguka kirahisi. Akiwa na usingizi mzito au anatapika, mlaze ubavu ili matapishi yatoke nje. Akiacha kupumua na haitikii, anza kumkandamiza kifua katikati, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike.

Zungumza naye, hata kama hajibu. Wengi wasioweza kusema wanasikia na kuelewa, na wana hofu.

Yasiyofaa kufanywa

Usimpe chakula, maji wala vidonge. Misuli ya kumezea inaweza kuwa imepooza, na hicho kijiko cha maji kikaingia mapafuni.

Usimpe aspirini. Watu huichanganya na ushauri wa mshtuko wa moyo. Kama mshipa umepasuka, aspirini inaongeza uvujaji, na hujui kama umepasuka. Baada ya picha, daktari akitaka ataianza mwenyewe.

Usimpe dawa ya presha ya ziada, yake wala ya jirani. Katika kiharusi presha hupanda, na mara nyingi ndiyo inayosukuma damu kidogo kulifikia eneo lililozibwa. Kuishusha kwa kishindo nyumbani kunaweza kulikausha eneo hilo.

Na ule ujumbe unaozunguka kwenye simu, wa kutoboa ncha za vidole au ndewe za masikio kwa sindano mpaka damu itoke? Hauna ukweli wowote. Hakuna damu ya kidoleni inayozibua mshipa wa kichwani. Kuchua na mafuta pia kusubiri. Aliyepooza atahitaji mazoezi ya viungo baadaye, kwa miezi, lakini saa hii si saa yake.

Yanayofanana na kiharusi

Sukari ikishuka sana huweza kuiga kila kitu: kupooza upande mmoja, maneno kuvurugika, kuchanganyikiwa. Kama mgonjwa ana kisukari na kifaa cha kupimia kiko karibu, pima wakati mwenzako anapiga simu. Chini ya 4 mmol/L, yaani kama 70 mg/dL, mwambie mhudumu wa dharura akuelekeze. Kifafa nacho huweza kuacha mkono umelegea kwa muda baada ya kutikisika, na kipandauso huleta mwanga machoni na ganzi inayotambaa polepole kutoka vidoleni kwenda usoni. Yote haya yanatofautishwa hospitali. Kumpeleka mtu aliyekuwa na kipandauso hakuna hasara kubwa.

Kujiandaa kabla

Presha ya juu ndiyo chanzo kikuu cha viharusi, na haina dalili mpaka siku inapotoa moja. Ikisoma 140/90 au zaidi kwa kurudia siku tofauti, inahitaji daktari. Wengine wa kuangaliwa kwa karibu ni wenye kisukari, wavutaji sigara, wenye moyo unaodunda bila mpangilio (hatari yao huongezeka takriban mara tano), na waliowahi kupata kiharusi au kile cha mpito. Umri huongeza hatari lakini haumkingi kijana. Watoto wenye selimundu hupata kiharusi. Mjamzito au aliyejifungua wiki chache zilizopita, mwenye presha kali na kichwa kinachouma sana, naye asicheleweshwe.

Andika karatasi moja ya kila mtu wa nyumbani aliye katika hatari: magonjwa yake, dawa anazotumia na vipimo vyake, mzio. Kama anatumia dawa ya kupunguza kuganda kwa damu, iandike juu kabisa kwa herufi kubwa, pamoja na saa aliyoimeza mara ya mwisho, maana inaweza kumzuia asipewe dawa ya kuyeyusha bonge. Jua tangu leo hospitali yenye CT ni ipi na njia ya kufika usiku ni ipi.

Wafundishe na watoto. Mjukuu ndiye mara nyingi anayeshinda na bibi yake mchana wakubwa wakiwa kazini, na mtoto wa miaka minane anaweza kabisa kusema, "Bibi, nionyeshe meno, inua mikono." Fanyeni kama mchezo mara mbili tatu. Mwonyesheni pia jinsi ya kupiga namba ya dharura kwenye simu iliyofungwa. Simu nyingi huruhusu hilo bila nywila.